Mgongo umekataa, sasa leseni tuifanyie nini?

Imeili ya bodi ya manesi, ile ya kukukumbusha kuriniu leseni, haijui kama uko kitandani. Hapa Texas leseni ya nesi inakaa miaka 2, inaisha siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, na ukizaliwa mwaka witiri unariniu mwaka witiri, wa shufwa vivyo hivyo. Sasa kuna dada mmoja tunayesali naye Dallas, RN (nesi aliyesajiliwa), diski za mgongo zimemwisha kwa kugeuza na kuinua wagonjwa, mwaka wa pili huu hajakanyaga wadi, imeili imeingia na ananiuliza, nilipie ama niachane nayo? Nikamwambia nipe siku mbili, nikadhani ni swali rahisi.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu huo mgongo, maana kuna watu watasema ni uzembe. Shirika la serikali ya Marekani linalotafiti usalama wa kazi, NIOSH, linashauri nesi asiinue kwa mikono zaidi ya paundi 35 za mgonjwa, kama kilo 16 hivi, na hapo ni mgonjwa ametulia, hapigi mateke wala hajafungwa mirija. Sasa soma matangazo ya kazi ya hospitali, mengi yanataka mtu wa kuinua paundi 50. Mgonjwa mwenyewe ana paundi 240 na mko wawili kwenye shifti. Kwa hiyo swali hili halimhusu huyu dada peke yake.

Wanaosema achana nayo wana hoja, na si za kijinga. Kuna saa 20 za masomo ya kujiendeleza kila miaka 2, na kama unakunywa dawa za maumivu zinazokufanya usome mstari mmoja mara tano, saa 20 si mchezo. Kuna ada, haifiki dola mia lakini mtu anayeishi kwa pesa ya ulemavu anahesabu hata dola kumi. Halafu kuna hii ambayo watu hawaisemi kwa sauti, kwamba kila ukiriniu unafungua kidonda, unajiambia pengine mwaka ujao, na ukiwa na bili na watu nyumbani wanangoja pesa ya fee ya shule, hiyo "pengine mwaka ujao" inakurudisha wadini kabla mwili haujapona. Nimeona mtu akirudi hivyo. Alimaliza wiki tatu.

Lakini hoja inayotisha watu zaidi ni ya pesa za ulemavu. Ati ukiwa na leseni hai, serikali itasema basi unaweza kufanya kazi. Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Social Security, shirika la serikali la mafao, kwenye ile SSDI, yaani malipo yao ya ulemavu, wanapima uwezo wako wa kufanya kazi na kipato chako, leseni peke yake haikuingizii hata senti. Kwa mwaka 2025 kipimo chao kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu, ukizidisha hapo ndiyo maswali yanaanza. Na wenyewe wamekuachia mlango wa kujaribu, miezi 9 unaweza kufanya kazi ukaona kama mwili unakubali bila kukatiwa malipo, mradi umewaripoti. Sasa utajaribu unesi gani kama leseni umeitupa?

Bima ya ulemavu ya kupitia mwajiri ndiyo ngumu, na hapo nakubaliana kidogo na waoga. Bima nyingi za namna hiyo zinakulipa kama miaka 2 ya kwanza kwa sababu huwezi kufanya kazi YAKO, baada ya hapo kipimo kinageuka, wanauliza kama huwezi kazi YOYOTE inayolingana na elimu, mafunzo na uzoefu wako. Nesi mwenye leseni hai ni rahisi kwao kusema huyu si anaweza kukaa kwenye kiti apokee simu za wagonjwa aamue nani aende emajensi, au apitie mafaili ya kuidhinisha matibabu. Hatari hiyo ipo. Ila fikiria vizuri, ukiiacha leseni elimu yako haifutiki, uzoefu wako haufutiki, na bado wanaweza kukujibu kwamba leseni uliiacha mwenyewe. Kwa hiyo umeitoa sadaka na huenda hukununua chochote. Kama kesi yako na bima iko moto saa hii, ongea na wakili wa mambo hayo kabla hujagusa kitu, sio mimi wala si yule jamaa wa grupu la WhatsApp.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo mimi nimeegemea. Texas, leseni ikilala, yaani umeomba bodi iipumzishe, au ikipitwa na muda chini ya miaka 4, kuiamsha ni fomu, ada na yale masomo. Ikipita miaka 4 na hujafanya unesi popote, inabidi urudie kozi ya kujinoa, na hiyo kozi ina saa za kliniki na wagonjwa chini ya msimamizi. Umeona mtego? Mtu aliyeondoka wadini kwa sababu ya mgongo anaambiwa njia ya kurudi kwenye kazi ya kiti na simu inapitia wadini. Yaani zile kazi ambazo mwili wake ungeziweza, za simu, za bima, za kusimamia kesi, za kufundisha, karibu zote zinataka leseni hai, na ukiiachia muda mrefu unaipata tena kwa kufanya kile kile kilichokuvunja.

Halafu kuna ADA ya 1990, sheria ya Marekani inayolinda watu wenye ulemavu. Haimlazimishi mwajiri akuondolee majukumu ya msingi ya kazi, lakini moja ya marekebisho ya kazi inayoyatambua ni kukuhamishia nafasi nyingine iliyo wazi ambayo una sifa zake. Una sifa zake, hapo ndipo penyewe. Bila leseni hai, hiyo nafasi ya nesi wa ofisini huna sifa zake hata kama imekaa wazi mwaka mzima.

Kitu ambacho watu wanachanganya sana: kulaza leseni, kuiacha iishe, na kuisalimisha ni vitu vitatu tofauti. Kulaza unaomba bodi mwenyewe, rekodi yako inabaki safi, hulazimiki kusoma zile saa 20, ila pia huruhusiwi kufanya kazi ya unesi. Kuiacha iishe ni kunyamaza tu, na kurudi kunaongeza ada za kuchelewa. Kuisalimisha, hiyo ogopa kama moto, hasa kama kuna malalamiko yoyote yanachunguzwa, maana inaweza kusomeka kama adhabu na ikakufuata jimbo hadi jimbo. Mtu mgonjwa, amechoka, anaweza kusaini karatasi hiyo akidhani anastaafu.

Uingereza ningesema tofauti, na najua Wakenya wengi wako huko, na tangu 2021 kuna makubaliano ya serikali za Kenya na Uingereza ya wahudumu wa afya. Kule NMC, bodi yao ya manesi na wakunga, wanataka ada kila mwaka (mwaka 2025 ilikuwa pauni 120), na kila miaka 3 uonyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za masomo. Saa 450 si lazima ziwe za kitandani, kufundisha au kusimamia kunahesabika kama kunategemea unesi wako, lakini mtu asiyefanya kazi kabisa hazipati, kwa hiyo kule mwili ndio unaamua mapema. Texas inakuuliza tu kama umesoma na umelipa, anasa ambayo manesi wengi hawajui wanayo.

Basi dada yetu nilimwambia ariniu raundi hii na ijayo, baadaye kama bado ni kitanda na dawa, ailaze rasmi kwa barua. Alifanya saa zake 20 amelala chali, laptopu tumboni, dakika arobaini kwa siku, nyingi za bure mtandaoni. Mama yake Kisii bado anawaambia watu binti yangu ni nesi Texas, na kisheria hajadanganya mtu.