Gitaa la Zamani Si Gari la Kupigwa Rangi

Juzi baada ya alaasiri sahibu yangu wa Michenzani kanijia nyumbani na gitaa begani, furaha imemjaa usoni. "Njoo ulione," kaniambia, "limekuwa jipya." Akafungua zipu ya mfuko, na kabla sijaliona gitaa nikaipata harufu. Thina. Harufu ileile ya gereji za kupaka magari rangi.

Gitaa lile nalijua toka nasoma skuli. Ni la umeme, la Kijapani, la miaka ya 1970. Lilishuka bandarini Malindi hapa Unguja ndani ya kontena la mitumba, limebanwa baina ya majokofu na baiskeli, marehemu ami yake akalinunua. Lilikuwa na rangi ya asali katikati na weusi wa kahawa pembezoni. Pale mkono wa kulia unapoegemea, rangi ilikwisha ikabaki mbao tupu, laini kama kibao cha mbuzi ya nazi kilichokaliwa na bibi watatu. Ami alilipiga harusini miaka na miaka, na pale mahali palikuwa mkono wake. Ukiegemeza wako unaingia palepale.

Sasa ni jekundu, linameta. Msasa umepita kila pahala. Rangi imeingia mpaka kwenye vichwa vya skrubu.

Nikamuuliza, "Pikapu za zamani, zile za kunasa sauti chini ya nyuzi, ziko wapi?"

"Fundi kasema zimeshika kutu. Kazitoa, katia mpya za Kichina."

"Kaziweka wapi?"

"Sijui, yakhe. Labda kazitupa."

Usiku ule usingizi haukuja, na ndiyo maana naandika.

Kutu! Kilichoshika kutu ni kifuniko. Pikapu yenyewe ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye amplifaya, unakuwa sauti. Kifuniko hakimo katika kazi hiyo. Kujua kama pikapu ni nzima kunahitaji mita ya umeme na nusu dakika: weka ncha mbili kwenye waya zake mbili, usome ukinzani wa waya. Nyingi za namna hii zinasoma baina ya kilo-omu 4 na 8. Ikisoma hivyo, iko hai. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani, na hata hapo inaweza kuzungushwa upya na mtu mwenye subira. Nusu dakika, na fundi hakuitoa.

Kabla hajaondoka nikalichomeka gitaa kwenye amplifaya. Likavuma. Gitaa la umeme likivuma, ukishika nyuzi mvumo unapungua, kwa sababu kuna waya unaopita chini ya daraja (chuma kinachozibeba nyuzi) na kuziunganisha nyuzi na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini). Nikashika nyuzi, mvumo haukupungua hata kidogo. Nikafungua daraja. Ule waya umelala chini yake, umepakwa rangi nyekundu juu mpaka chini, haugusi chuma popote. Nikaukwangua kwa wembe, nikarudisha daraja, likanyamaza. Sahibu yangu akashangaa. Mimi nilikuwa naangalia vumbi jekundu lililobaki kwenye wembe.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kitu cha zamani kisiguswe. Nasema kukihudumia kitu ni kazi moja na kukifanya kipya ni kazi nyingine kabisa, na sisi watu wa visiwa hivi tunaijua tofauti hiyo kuliko wengi. Nani hapa angechukua udi wa babu yake wa kupigia taarabu akaupiga msasa na kuupaka rangi ya gari? Nadi Ikhwan Safaa, klabu yetu ya taarabu, ipo tangu 1905. Mpe mwanachama yeyote fidla iliyochubuka uone anavyoishika. Atabadilisha uzi, ataunganisha kwa gundi palipofunguka, atapangusa vumbi, ataiweka kwenye sanduku lake. Mchubuko atauacha, kwa kuwa anajua ni wa nani. Gitaa la umeme, kwa sababu lina waya na swichi, tumelitia fungu moja na feni na redio. Tunaliona mashine. Lakini na lenyewe limetengenezwa kwa mbao na mkono, na limekaa kifuani mwa mtu miaka thelathini.

Na nyumba zetu je? Mji Mkongwe umeingia urithi wa dunia mwaka 2000, na kila fundi mwashi mwenye akili atakwambia ukuta wa mawe na chokaa haupigwi plasta ya saruji. Ukuta ule unapumua. Maji yanaingia masika na kutoka kiangazi, kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakaa ndani, na baada ya misimu michache saruji inabanduka na kipande cha ukuta pamoja nayo. Nimeona mara ngapi nyumba imepigwa saruji ipendeze kwa Idi, na masika mawili baadaye imekuwa na madonda? Yule mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya. Alitaka nyumba ya wazee wake ionekane imetunzwa. Na sahibu yangu ni hivyohivyo, alitaka kumtukuza ami yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliyelifuta jasho la marehemu ni yule aliyempenda kuliko wote, na kalipia pesa.

Kuna watakaonitajia gitaa la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, lile jeusi lililouzwa mnadani New York mwaka 2019 kwa karibu dola milioni 4. Kweli, weusi wake ulipakwa juu ya rangi nyingine, na shingo ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Nakubali. Lakini yule alikuwa anatafuta sauti, anabadilisha na kusikiliza, anabadilisha tena. Kazi yake iliongozwa na sikio. Hili letu limebadilishwa na macho. Na huko kwenye masoko ya magitaa ya zamani, lililopakwa rangi upya mara nyingi hukatwa karibu nusu ya bei. Naitaja bei kwa wale wanaosikia pesa tu.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba kijana anayepiga kila usiku hotelini Nungwi au Kiwengwa anahitaji gitaa lisilomtia wasiwasi. Jipya la Kichina linakaa kwenye sauti, na amplifaya ndogo ya kisasa unapanda nayo daladala. Basi anunue jipya! Asiliharibu la zamani kulifanya liwe jipya.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja wa Ng'ambo, fundi redio tangu enzi za valvu, vile vitaa vya kioo vya ndani ya redio za zamani. Tulimpelekea amplifaya ya Kiingereza yenye valvu aina ya EL84, ndizo zilezile zilizomo, nne, ndani ya Vox AC30, amplifaya anayotumia Brian May wa bendi ya Queen. (Wageni wanamiminika Shangani kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliyezaliwa mjini hapa 1946. Wachache wanajua kwamba mpiga gitaa wake, huyo Brian May, anapiga mpaka leo gitaa alilolichonga na baba yake, shingo yake ikiwa mbao ya mahali pa moto wa nyumbani.) Amplifaya yetu ilikuwa imelala juu ya kabati tangu lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi bila umeme wa bara. Mimi nikataka kuichomeka palepale. Mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, hii imelala. Aliyelala hagutushwi."

Akaifungua. Mkono wa kushoto akauweka nyuma ya mgongo, umeme usije ukapata njia ya kupita moyoni, kwa maana kapasita za humo (vikopo vinavyotunza umeme) zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata plagi imeng'olewa. Kwa mkono wa kulia akazimaliza umeme moja moja kupitia rezista, kifaa cha kupunguza mkondo. Kisha akaunga balbu ya kizamani ya wati 100 kwenye njia ya umeme, moto upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye amplifaya. Akawasha. Balbu ikawaka kwa nguvu na haikufifia. "Unaona? Kuna pahala panavuja. Ungeichomeka moja kwa moja, transfoma ingekwenda, na transfoma hii huipati sokoni Darajani."

Zilikuwa kapasita kubwa, zimekauka na kutoa ute. Akatia mpya. Akaondoa waya wa umeme wa njia mbili akatia wa njia tatu, wenye ethi, na hapo alinitazama machoni: mpiga gitaa aliyeshika nyuzi na kugusa maikrofoni kwa mdomo, na ethi hakuna, anaweza kufa jukwaani. Akawasha tena. Balbu ikamulika kidogo, ikafifia, na valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu kama makaa yanayopulizwa. Valvu zilikuwa zilezile, na spika ileile, na kitambaa chake cha mbele kilichochanika vilevile. Zile kapasita mbovu akazitia kwenye bahasha, akaandika tarehe, akaibandika ndani ya sanduku. Vitu vibovu, vimevuja, na hakuvitupa.

Mengine mafupi, kwa mwenye la kwake nyumbani. Amplifaya iliyotoka Japani isome nyuma kabla ya kuichomeka: kwao umeme ni volti 100, kwetu 230, na adapta ya plagi haipunguzi kitu, inataka transfoma. Nyuzi zipanguse kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, chumvi ya bahari haina huruma. Kitasa cha sauti kikikwaruza, usikitupe, kipulizie dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na ukizungushe huku na huku mara hamsini. Shingo ikipinda masika, zungusha chuma cha ndani yake robo mzunguko tu, kisha ungoje mpaka kesho.

Jana asubuhi nilikwenda kwa yule fundi. Sikugombana naye, nilimwamkia, nikakaa. Ana kopo la maziwa ya unga limejaa skrubu, nati na vipande vya waya. Nikaomba nitafute. Chini kabisa, imejikunja na waya zake, nikaipata pikapu moja, kifuniko chake kahawia kwa kutu. Nikaiweka mita hapohapo kwenye meza yake, naye akainama kutazama: kilo-omu 6.2. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema ya pili alimpa kijana mmoja wa Jang'ombe wiki iliyopita.

Kijana, kama unasoma haya, naitaka. Nitakununulia mpya mbili kwa hiyo moja.