Lawama ya Wote, Huruma ya Wachache: Wajerumani na Mateso ya Wayahudi

Kila wanapotajwa Wajerumani wachache waliowaficha Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huzuka hofu kwamba wachache hao wanatumiwa kulisafisha taifa zima, na hofu hiyo ina msingi. Mjini Hamburg, samani na nguo za Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu zilinadiwa hadharani, na raia wa kawaida wakazinunua. Vita vilipokwisha, na Wamarekani walipowajazisha watu fomu yenye maswali 131 kuhusu maisha yao chini ya Wanazi, wengi walihangaika kutafuta barua za kuwatetea, hata tendo moja la wema kwa jirani Myahudi likageuzwa kinga ya miaka 12 ya utiifu.

Hata hivyo, lawama ya jumla huwadhulumu waliojitoa mhanga, tena huwapa wahalifu pa kujifichia, kwa maana kosa likigawiwa mamilioni ya watu, fungu la aliyefyatua risasi huwa dogo mno. Otto Weidt, ambaye mwenyewe alikuwa karibu kupofuka, alikuwa na karakana ya mafagio na brashi kwenye Rosenthaler Straße mjini Berlin, akiwaajiri Wayahudi wasioona na viziwi. Aliwahonga maofisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ili wafanyakazi wake wasichukuliwe, na katika chumba cha mwisho kisicho na dirisha, ambacho mlango wake ulizibwa kwa kabati la nguo, aliificha familia ya watu wanne, hadi iliposalitiwa mwaka 1943 na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji.

Katika mji huohuo, kati ya Wayahudi wapatao 7,000 waliojificha, walionusurika ni kama 1,700. Hesabu hii inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Aliyejificha hakuwa na kadi ya mgao wa chakula, kwa hiyo kila alichokula kilipunguzwa kwenye sahani ya mtu mwingine. Wala hakuweza kukaa nyumba moja kwa muda mrefu, kwa kuwa majirani waliuliza maswali na mabomu yalibomoa nyumba. Nyuma ya kila aliyeokoka, basi, walikuwapo watu kadhaa: aliyetoa kitanda, aliyetoa mkate, na yule aliyejua akanyamaza, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini Berlin ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 4, na waliobaki katika wale 7,000 hawakupotea wenyewe. Wengi walikamatwa, mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliyewachongea. Hesabu inayowapa heshima wachache ndiyo hiyohiyo inayowashtaki wengine, kwa kuwa inaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo. Huko Józefów, nchini Poland, Julai 1942, kamanda wa kikosi cha polisi wa Kijerumani wapatao 500, kilichoamriwa kuwaua Wayahudi wa hapo, aliwaruhusu wasioweza kuua wajitenge, wakajitokeza kama kumi na wawili tu.

Lipo jambo moja ambalo kwa haki huwahusu wote, nalo ni wajibu wa dola. Kwa mkataba wa Luxembourg wa mwaka 1952, Ujerumani Magharibi ilikubali kuilipa Israeli fidia ya mark bilioni 3, na mzigo huo uliwaangukia walipa kodi wote, hata waliowahi kumficha mtu nyumbani mwao. Hilo naliona sawa, kwa kuwa deni la dola ni la raia wote, ilhali hatia ya kuua ni ya aliyeua, aliyeamuru na aliyechongea.