Nondo wa Manchester na damu ya kwetu

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku, na binti wa kaka yangu, aliye Kidato cha Sita mchepuo wa PCB, akaendelea kukariri gizani kwa sauti. Kwa Kiingereza cha darasani, lakini maana yake ni hii: zamani nondo wengi walikuwa weupe, viwanda vikaja, moshi ukaipaka miti masizi, ndege wakawaona weupe wakawadonoa, weusi wakabaki wakazaana. Akarudia mara tatu.

"Nondo wa wapi hao?" nikamuuliza.

"Wa Manchester, shangazi."

"Umewahi kumwona hata mmoja?"

"Nitamwonea wapi?"

Mnaonifahamu mnajua nikikasirika silali. Sikulala.

Sina ugomvi na nondo (nasema mdudu, si vyuma vya msingi, wala zile nondo anazoshusha huyu binti akibishana na kaka yake kuhusu Simba na Yanga). Mfano wenyewe ni mzuri, na nafasi yake kwenye historia ya jeni ni halali. Bernard Kettlewell wa Oxford aliwaachia nondo msituni karibu na Birmingham mwaka 1953 akahesabu wangapi wamesalia. Kazi safi. Kinachonichoma ni kwamba mwaka huohuo 1953, mtu mwingine aliyesomea Oxford hiyohiyo alikuwa huku kwetu, akihesabu kitu kilekile, uteuzi wa asili (mazingira yakichagua nani abaki azae) unaofanyika mbele ya macho, isipokuwa yeye hakuhesabu wadudu. Alituhesabu sisi.

Aliitwa Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikuja na msafara wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, na wenzake wakishughulika na majani na wadudu, yeye akawa anakusanya damu. Akaona ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu wenye AS, yaani waliorithi jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu, kwa mzazi mmoja tu, walikuwa wengi, sehemu nyingine zaidi ya mmoja kwa kila watano. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Sasa, jeni inayoua watoto wanaoirithi kwa baba na kwa mama ilipaswa ipungue kila kizazi hadi iishe. Mbona kwa Wajaluo imejaa na kwa Wakikuyu karibu haipo? Mtu yeyote aliyelala bila chandarua Musoma angemjibu kinachotofautisha sehemu hizo mbili. Mbu.

Aliporudi 1953 akapima watoto wa Kiganda 290. Kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Halafu akafanya jambo ambalo kila nikilisoma naweka kikombe chini: akachukua wanaume wa Kijaluo 30, nusu wana AS na nusu hawana, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na AS, 14 walishikwa. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu.

Kumi na nne kwa wawili. Hilo jibu halihitaji kikokotoo: AS inamkinga mtu na malaria, ndiyo maana penye mbu jeni hii haiishi. Ripoti zikatoka 1954, na mpaka leo ndiyo mfano unaotangulia kutajwa kila mtu akiulizwa kama uteuzi wa asili umewahi kuthibitishwa kwa binadamu.

Wanaume hao wanaitwa "waliojitolea". Haya. Kenya ya 1953, hali ya hatari imetangazwa, mtawaliwa "anajitolea" kwa daktari Mzungu achomwe sindano ya malaria. Labda kweli walikubali, sikuwepo. Labda walilipwa, labda waliombwa vizuri. Najua tu kwamba leo kamati yoyote ya maadili ingelirusha ombi hilo dirishani. Na najua binti yangu anawajua nondo kwa jina la kisayansi, *Biston betularia*, analitamka kama anaimba, lakini hao wanaume thelathini hajawahi kusikia hata kwamba walikuwepo.

Mtaniambia selimundu imo kwenye mtaala. Imo, nakubali, kwa shingo upande. Nilimwambia anioneshe daftari. Mistari minne, chini ya mabadiliko ya jeni, katikati ya ualbino na kutoona rangi. Herufi moja ya vinasaba imebadilika, himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, imeharibika, mgonjwa ana upungufu wa damu, mwisho. Hakuna ziwa, hakuna mbu, hakuna Uganda. Hata Chicago haimo, alikokwenda kusoma udaktari wa meno kijana wa Grenada, Walter Clement Noel, ambaye chembe zake za damu zilizopinda kama mundu ndizo daktari James Herrick aliziandika 1910. Wala haimo habari kwamba mkemia Linus Pauling na wenzake walipoiita selimundu "ugonjwa wa molekuli" mwaka 1949, ndiyo mara ya kwanza ugonjwa wowote duniani kufuatwa hadi kwenye molekuli moja. Wala kwamba Vernon Ingram alipoigundua ile asidi amino moja, kipande kidogo cha himoglobini, iliyokosewa, miaka ya 1956 na 1957, alikuwa maabara ya Cavendish, Cambridge, palepale Watson na Crick walipounda ule mfano wao wa DNA, ngazi ya kujisokota. Watson na Crick wamepewa kurasa mbili na picha.

Kwa nini inaniuma hivi? Kwa sababu sisi hatukuwa na mistari hata minne.

Mdogo wangu alifariki miaka ya tisini akiwa na miaka saba. Kila msimu wa mvua viungo vilimuuma mpaka anang'ata shuka. Macho ya njano, tumbo limejaa bandama. Zahanati walimpa dawa za malaria, kila safari, malaria. Kwa mganga waliambiwa kuna mtu anakunywa damu ya mtoto, na mtu huyo yuko upande wa baba. Haikuchukua wiki kumpata: bibi mzaa baba, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, kosa lake kuzeeka. Mama hakumsemesha tena. Tulizuiwa kula kwake. Bibi aliposhika kitanda alikuwa anauliza wajukuu wako wapi, nasi tulikuwa nyumba ya pili.

Mwalimu wangu wa baiolojia, mwaka mmoja baadaye, alitufundisha njegere za Mendel. Ndefu na fupi, kijani na njano, robo tatu na robo. Nikapata A. Robo ile nikaijua kwa njegere, na hakuna aliyeniambia kwamba robo hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikilia usiku chumba cha pili. Baba AS, mama AS: kila mimba, nafasi ya mtoto kuugua selimundu ni robo. Njegere zilikuwa nyumbani kwetu, zinang'ata shuka!

Ndiyo maana hizi habari za tiba mpya ya selimundu, ya kuhariri jeni, nimezipokea kwa mdomo wa pembeni. Doudna na Charpentier, waliobuni ule mkasi wa kuhariri jeni, wanastahili Nobeli yao ya 2020, na ile tiba iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ni kubwa kweli. Huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tuendelee. Mimi nilifurahi zaidi 2019 watafiti walioshirikisha watoto wa Kilifi nchini Kenya, Uganda, Kongo na Angola walipochapisha matokeo, wakaonesha kwamba haidroksiurea, kidonge cha siku nyingi, inapunguza maumivu na vifo hata kwenye nchi zenye malaria.

Na wale wa "wachumba tuwapime AS kwa lazima kabla ya ndoa", hilo tutagombana siku nyingine.

Jumapili nilimpigia mama. Nikamweleza yote: ziwa, mbu, wale wanaume, kumi na nne kwa wawili. Nikamwambia ile damu ndiyo ilituvusha sisi wengine utotoni, labda hata yeye mwenyewe. Akasikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo ilitoka kwa baba yenu," akasema.

"Kwa baba, na kwako pia, mama. Lazima itoke kwa wote wawili."

"Kwangu?"

"Kwako."

Kimya kirefu, mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akaniuliza kama lile kaburi la bibi lilijengewa, maana yeye hakwenda.