Ukiumia kazini, kesho kazi ipo?

Mama yangu mdogo alinipigia simu wiki ya pili baada ya mimi kuvunjika mguu. Pole zilipokwisha akaniliwaza: "Afadhali umeumia huko, mwanangu. Huko kuna sheria, hawawezi kukuacha hivi hivi." Nilikuwa nimekaa kwenye kochi hapa Houston, mguu juu ya mito miwili, na barua ya kuachishwa kazi iko mezani mbele yangu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ninaeleza leo, kwa sababu maneno kama yale nimeyasikia kwa watu wengi wa nyumbani, na kwenye jambo hili hasa ninaona tunajidharau bila sababu.

Niseme ilivyokuwa. Mimi ni mbeba boksi wa kweli, si wa utani. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala, tunapanga mizigo kwenye malori. Paleti ya maji ya chupa ilikuwa juu ya foklifti, nailoni iliyofungia mzigo ikachanika upande mmoja, boksi za chini zikalegea na mzigo wote ukaja kwangu. Mfupa niliusikia kabla sijasikia maumivu. Msimamizi akaja na ubao wake wa karatasi, akachuchumaa, akaniuliza: "Umeumia, au imekugonga tu?"

Swali lile silisahau. Ukisema umegongwa tu, hakuna fomu, hakuna ripoti, na wewe mwenyewe umeshajifungia mlango. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kimeksiko, kazi hizo kazifanya miaka mingi kuliko sisi wote. Aliniinamia akasema taratibu: sema umeumia, taja saa, mwambie aandike. Nikasema. Ikaandikwa saa nane na dakika ishirini usiku. Mstari ule mmoja ndio uliolipa operesheni yangu.

Texas ina jambo moja ambalo wageni wengi hatulijui mpaka yatukute: mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na bima ya fidia ya wafanyakazi. Anatakiwa tu atoe taarifa kwa serikali na abandike tangazo kazini. Ukiumia kwa mwajiri wa namna hiyo, inabidi umshitaki kwa uzembe, na wengi wameshakusainisha siku ya kwanza kwamba ugomvi wowote utakwenda kwa mwamuzi binafsi, si mahakamani. Bahati yangu kampuni ile ilikuwa imejiunga. Mwajiri aliyejiunga unampa taarifa ndani ya siku 30, unafungua dai ndani ya mwaka mmoja, na ukikaa nje ya kazi zaidi ya wiki unaanza kulipwa asilimia 70 ya ujira unaoukosa. Matibabu ya ule mguu ni juu ya bima. Hapo sina lawama. Walilipa.

Kwa hiyo fidia nilipata. Nilichokipoteza ni kazi.

Sheria ya Texas inasema waziwazi, kwenye sura ya 451 ya sheria za kazi, kwamba mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amefungua dai la fidia kwa nia njema, au amechukua wakili, au ametoa ushahidi. Ukiisoma unapumua. Lakini kaa nayo kidogo. Inakataza kufukuzwa *kwa sababu ya* dai. Ukifukuzwa kwa sababu nyingine, hata siku ya pili baada ya kufungua dai, haikugusi. Na sababu nyingine inapatikana kirahisi mno mahali ambapo mwajiri, kwa kawaida, hahitaji sababu yoyote kumwachisha mtu kazi.

Kampuni yangu ilikuwa na kanuni kama zilivyo nazo nyingi: ukikosekana siku tatu mfululizo bila kupiga simu, umeacha kazi mwenyewe. Daktari wa kliniki waliyonipeleka aliandika nipumzike wiki mbili. Nilijua karatasi ile imewafikia, kwa maana kliniki ni yao na msimamizi ndiye aliyenipeleka kwa gari lake. Sikupiga simu kila asubuhi kusema kwamba mguu uliovunjika jana bado umevunjika leo. Siku ya nne barua ikatoka. Imeandikwa kwa adabu kabisa, haitaji ajali, haitaji paleti wala mguu. Inasema nimekosekana siku tatu bila taarifa.

Nilikwenda kwa wakili nikiwa na magongo. Akasoma, akaniambia ukweli bila kunizungusha. Mahakama ya Juu ya Texas, tangu miaka ya 1990, imeshasema kwamba mwajiri akitumia kanuni ya utoro kwa wote sawasawa, huko si kulipiza kisasi, hata kama aliyekosekana alikosekana kwa sababu aliumia kazini humo humo. Na mzigo wa kuthibitisha ni wangu. Mimi ndiye niende nikaonyeshe kwamba moyoni mwao walinifukuza kwa ajili ya dai. Nitaonyesha vipi kilichomo moyoni mwa mtu? Aliniuliza kama kuna mwingine aliyekosekana siku tatu wakamwacha. Sikumjua. Aliniuliza kama kuna mtu aliyenitamkia neno baya kuhusu dai. Hakuna, wote walikuwa wapole. Basi, akasema, madai ya mguu yanaendelea, ila kazi sahau.

Kuna likizo ya sheria ya nchi nzima, ya wiki 12, ambayo ingenishikia nafasi yangu. Lakini haina malipo, inahitaji uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo mwaka mzima na saa zisizopungua 1,250, na mimi nilikuwa na miezi tisa.

Kitu kilichoniumiza kuliko vyote hakikuwa mshahara. Bima ya afya ya familia nzima ilikuwa imefungwa kwenye kazi ile. Mguu wangu uliendelea kutibiwa bure, X-ray, mazoezi, kila kitu, kwa sababu huo ulikuwa upande wa fidia. Mwanangu mwenye pumu akawa hana bima. Nilikuwa ninakwenda hospitali na gongo langu nahudumiwa kama mfalme, nikirudi nyumbani nahesabu mivuto iliyobaki kwenye dawa ya pumu ya mtoto.

Sasa twende nyumbani.

Tanzania Bara kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtu akishamaliza miezi sita kazini, mwajiri hawezi kumwachisha bila sababu halali na bila kufuata utaratibu. Na mfanyakazi akipeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, anayetakiwa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri. Naomba msomaji aupime mstari huo kwa uzito wake. Hapa Houston mimi niliyevunjika mguu ndiye nilitakiwa nithibitishe dhamira ya kampuni. Dar es Salaam, kampuni ndiyo ingetakiwa isimame ieleze kwa nini imemwachisha mtu aliye kitandani kwa cheti cha daktari. Ukiongeza likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya mzunguko wa miaka mitatu, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, unaona kwamba barua yangu ya siku ya nne isingesimama pale Tume. Kanuni za mwaka 2007 zinakwenda mbali zaidi: aliyeumia kwa kazi yenyewe, mwajiri anatakiwa ahangaike zaidi kumtafutia namna ya kubaki kuliko anavyomhangaikia mgonjwa wa kawaida.

Fidia yenyewe nayo ipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umeanzishwa na sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, haruhusiwi kukata hata senti kwenye mshahara wa mtu. Ukiwa nje ya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako. Asilimia 70, ile ile ya Texas. Shemeji yangu aliumia bega kiwandani Tanga, akalipwa, na aliporudi hakuweza tena kunyanyua, wakamhamishia stoo anakoandika mizigo inayoingia na kutoka. Mpaka leo yupo. Alikuwa na mkataba, jina lake limo kwenye orodha ya michango, na mwajiri wake aliogopa Tume. Hakuna muujiza hapo.

Lakini si kila mtu ni shemeji yangu, na hapa ndipo hasira yangu inapohamia upande wa pili.

Binamu yangu amefanya kazi kiwanda cha plastiki Dar es Salaam miaka sita. Miaka sita anaitwa kibarua. Anapanga foleni getini alfajiri, anaandikwa kwenye daftari, analipwa jioni. Mwezi Machi mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, mpaka kwenye kiungo cha pili. Walimpeleka hospitali, wakalipa siku ile, wakampa nauli na pole ya laki moja, wakamwambia: ukipona utarudi. Alipopona akarudi. Mlinzi wa geti akamwambia hana nafasi. Hakuna barua, hakuna siku tatu, hakuna kanuni. Hakuachishwa kazi kwa sababu, kwa maelezo yao, hakuwahi kuajiriwa.

Nilipomuuliza kwa nini hakudai, alinijibu kama vile nimeuliza jambo la aibu. "Nikidai, kaka, na wale wadogo zangu wawili walioko mle ndani watatolewa." Kwa hiyo alinyamaza ili wengine wale. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mimi nilidai nikapoteza kazi, yeye hakudai na kazi akaikosa vilevile.

Na kinachonichoma ni kwamba sheria yetu haijamsahau. Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Binamu yangu alikuwa anazimaliza kwa wiki. Neno "kibarua" ambalo kiwanda kimemvika kama kitambulisho halina nguvu hiyo kisheria wanayoidhania. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na likija suala la masharti yalikuwa yapi, mwajiri ambaye hakuyaandika ndiye anabanwa kuthibitisha.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sisemi nyumbani mambo ni shwari. Ninasema kwamba kwenye swali la nani amlinde mfanyakazi aliyeumia asifukuzwe, tumejitungia sheria nzuri kuliko ile inayonitawala mimi hapa, halafu tumeiacha ikae kwenye vitabu wakati watu wanapanga foleni getini. Texas kuna kasoro ya sheria. Kwetu kasoro ni ya ukaguzi, ni ya viwanda kuachwa viwaite watu vibarua miaka sita mfululizo, na ni ya siku 30 anazopewa aliyeachishwa kupeleka malalamiko Tume kumpita mtu akiwa bado amefungwa bandeji.

Hapa Texas ningependa wabunge wao waandike mstari mmoja tu: siku ambazo daktari amemzuia mtu kwa jeraha la kazini zisihesabiwe utoro. Wafanyakazi wengi hapa wanaugulia kimya kwa kuogopa pointi za mahudhurio, zile wanazoandikiwa wakikosekana kazini. Nimemwona dada mmoja anapakia na kidole kilichovimba kama ndizi, anasema kimepinda tu.

Jambo moja ningelibeba kutoka huku kupeleka nyumbani, nalo ni lile la yule mzee wa Kimeksiko. Sema umeumia. Taja saa. Mwambie aandike. Wafanyakazi wa huku, hata wasiojua Kiingereza, hilo wanalijua kama sala. Kwetu mtu anaumia, anafungwa kitambaa, anapewa soda, na kesho yake hakuna popote palipoandikwa kwamba tarehe fulani, mashine fulani, mkono wa fulani.

Siku 30 za Tume zimeshampita binamu yangu, na kuomba kuongezewa muda kunahitaji sababu nzuri. Tutajaribu, kulazwa ni sababu. Dai la Mfuko wa Fidia lina miezi 12, na hiyo haijaisha. Wiki iliyopita nilimwomba atafute kitu chochote, chochote kabisa, chenye jina lake na kiwanda kile. Akasema hana. Juzi usiku akanitumia picha. Mwaka jana aliwahi kulipiga picha lile daftari la getini, maana jioni moja walimpunja akataka ushahidi. Ukurasa umekunjamana, wino umevuja pembeni, ila unasomeka: tarehe, namba ya mashine, na jina lake, la kumi na nne kutoka juu. Jumatatu anakwenda nalo ofisi za Mfuko, pamoja na cheti cha hospitali.