Shangazi anasoma kilichoandikwa

Watu wakisikia unasoma masta ya uandishi na uchapishaji wanadhani unashinda unasahihisha nukta na mkato, kumbe muhula wa mwisho sisi tukapewa projekti ya midia dijitali, kila grupu litengeneze kitabu cha kielektroniki chenye sauti humohumo ndani. Yani sauti inasoma na sentensi inayosomwa inawaka njano kwenye skrini. EPUB 3, yani toleo la tatu la aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, inaruhusu hicho kitu tangu 2011, na EPUB yenyewe wala sio muujiza, ni zipu tu, ukiifungua unakuta kurasa za HTML kama za tovuti, picha, na kwa kazi kama yetu kuna mafaili ya SMIL ambayo yanasema sentensi hii inaanza sekunde hii inaishia sekunde ile. Sentensi kwa sentensi, kitabu kizima. Ukishaifanya hiyo kazi usiku Dar, joto lile, hutaki mtu aguse hata koma.

Hadithi yetu ilikuwa ya jamaa anaitwa Juma, mkopaji sugu, anamaliza madaftari ya duka hili anahamia mtaa wa pili, na kila akidaiwa jibu lake ni moja, njoo Jumatatu. Tunaipenda wenyewe. Sasa usiku wa kuamkia kurekodi mmoja wetu ndo anashtuka, jamani mbona mhadhiri anayesahihisha naye ni Dokta Juma? Kimya. Kuna mshkaji kwenye grupu tunamwita Fundi, akasema hilo dogo niachieni mimi, akafungua Sigil, programu ya kuhariri EPUB, tafuta Juma weka Daudi, mafaili yote, bonyeza. Tayari, tukalale.

Wewe unayesoma hapa ushaanza kucheka, sisi tulilala usingizi mzuri kabisa.

Maana Sigil ukiiacha kwenye hali yake ya kawaida haijali herufi kubwa wala ndogo, na haijali kama neno limesimama lenyewe au liko tumboni mwa neno lingine, ikikutana na juma inaweka Daudi inasonga mbele. Utasema si mngeona mistari myekundu ya spelicheki? Bana, laptopu zetu zote zina kamusi ya Kiingereza, ukurasa wa Kiswahili unakuwa mwekundu kuanzia juu mpaka chini, ukiwa umeandika vizuri mwekundu, ukiwa umeboronga mwekundu, nani anaangalia tena. Tukapitisha EPUBCheck, ile programu ya kukagua kama faili limekaa sawa, ikajibu hakuna kosa hata moja. Haikudanganya, yenyewe inakagua kodi za kompyuta, mambo ya Daudi hayaihusu.

Msomaji alikuwa shangazi yangu, alisoma sana redioni enzi zake, ile sauti ukiisikia tu unakaa vizuri kwenye kiti. Shikamoo shangazi, marahaba, hela iko wapi? Tukampa nusu, nyingine tukamwambia shangazi tunakumalizia Ijumaa. Tukatundika mablanketi ukutani, tukazima feni, tukachomoa friji, mimi nikapangiwa kazi ya nje: kufukuza jogoo wa jirani, kuwabembeleza wa bajaji wasipige honi, na kumuomba kijana wa aiskrimu na kale kamuziki kake azungukie mtaa wa nyuma. Fundi ndo alikuwa ndani na hedifoni masikioni lakini macho yako kwenye mawimbi ya Audacity, programu ya kurekodi sauti, anachungulia yasiguse wekundu, ukimuuliza shangazi kasoma nini hajui. Shangazi mwenyewe akimaliza ukurasa anafunua mwingine, haulizi, harudii. Kauli yake ni hiyohiyo tangu niko mdogo, mimi nasoma kilichoandikwa.

Siku ya kuwasilisha mbele yupo Dokta Juma, yupo na mama mmoja mgeni mwalikwa kutoka kampuni ya vitabu. Taa zikazimwa, projekta ikawaka, spika zikafunguliwa, na shangazi akaanza kwa ile sauti ya taarifa ya habari:

"Ilikuwa Dauditatu asubuhi, madaudi mawili tangu Daudi ahamie mtaani."

Na sentensi inawaka njano. Kila herufi inasomeka mpaka kiti cha nyuma. Nikamwangalia Fundi, Fundi anaangalia dari. Shangazi hana habari, anatiririka tu, Mangi wa dukani akamwambia deni mwisho Idaudia baada ya sala, Daudimosi jamaa hakuonekana, Daudipili akapita kwa nyuma, mpaka Mangi akapaza sauti kwamba hii ni hudaudi kwa biashara yake. Ile hudaudi shangazi kaivutia pumzi kabisa, kaitia uchungu. Watu nyuma wanajiziba midomo na madaftari.

Yule mama wa vitabu akavua miwani. Nikajua tumekwisha. Akasema hiki ni kitu kikubwa sana, mkopaji amemiliki mpaka kalenda, siku zote za mtaa zimegeuka kuwa zake kwa sababu kila mtu anahesabu siku za kumdai yeye, mlifikaje kwenye wazo hili? Fundi, ambaye nusu dakika nyuma alikuwa anatafuta mlango kwa macho, akasimama akakohoa akasema eeh, tulikaa kama grupu tukaona muda wenyewe nao ni deni. Muda ni deni! Nilitamani nimzabe kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Mama anaandika. Halafu akainua kichwa, sasa nimeona Alhamisi mmeiacha kama ilivyo, kwa nini?

Hapo Fundi akanigeukia mimi.

Nikasema Alhamisi ni siku ambayo Mangi hakopeshi. Sijui ilitoka wapi. Mama akaandika na hiyo.

Tungepona kabisa kama tungeishia hapo, ila shangazi akaingia sura ya pili. Fundi huwa anapenda yale madoido ya herufi ya kwanza ya sura kuwa kubwa na nyekundu, na kwenye HTML herufi hiyo inakaa ndani ya tegi yake peke yake, yani alama za kodi zinazoizunguka, kwahiyo kwa mashine pale hapakuwa na neno Juma, palikuwa na J, halafu tegi, halafu uma. Haikubadilisha. Kwenye skrini likasimama J kubwa jekundu kama bango la barabarani na shangazi akasoma kilichoandikwa: "Juma alikuwa mkopaji tangu shule ya msingi, na uso wake haukujua haya."

Dokta Juma akasema simamisha hapo. Huyu Juma ni nani?

Fundi akajibu, binamu yake Daudi.

Tukaambiwa turekebishe tulete upya, na hapo ndo utajua ubaya wa SMIL, maana ukisahihisha maandishi peke yake skrini itaandika Jumatatu na shangazi anasema Dauditatu, lazima arekodi tena. Tukaenda kwake na mkate na maziwa. Shangazi, kwani hukuona kwamba siku zina makosa? Akasema niliona tangu mstari wa kwanza, nikadhani ndo hiyo fasihi yenu ya kisasa, nyie si ndo wasomi. Sawa shangazi, basi tunaomba uturudie kidogo tu. Akachukua mkate akaweka kabatini.

"Kwanza leteni ile hela ya Idaudia."