Wasifu wa Babu Usiandikwe Usiku wa Kuamkia Mazishi

Katika misiba mingi ya Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa au Nansio kule Ukerewe, kamati hugawana kazi siku ya kwanza: turubai, jeneza, chakula, gari la kutoka mochwari. Wasifu wa marehemu hauna mtu. Usiku wa kuamkia mazishi ndipo anaitwa kijana mwenye mwandiko mzuri aandike haraka: alizaliwa, akasoma, akashika vyeo hivi, ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Mzee aliyewatumikia watu tangu ujana hadi uzee anazikwa kwa orodha ya vyeo. Kwangu hiyo ni dhuluma, na inaumiza zaidi kwa kuwa ingezuilika kwa kumteua mwandishi pale pale anapoteuliwa mweka hazina wa msiba.

Mwandishi aanze na daftari la rambirambi. Wengi hulihesabia fedha tu, lakini ndani yake mna majina ya watu waliokuja bila kuitwa na familia, na hao ndio wanaojua utumishi wa mzee. Awafuate mmoja mmoja pale kwenye viti na kuwauliza: alikufanyia nini, ilikuwa lini, nani mwingine alikuwepo? Jibu kama "alikuwa mpenda watu" halifai kuandikwa, kwa kuwa linamfaa marehemu yeyote. Linalofaa ni kwamba mvua zilipokata barabara alivusha wajawazito kwa mtumbwi wake hadi zahanati, na wapo wawili wanaokumbuka. Asimulialo mtu mmoja peke yake, litafutiwe wa pili.

Cheo nacho kielezwe kwa kazi yake. Ukiandika "alikuwa katibu wa chama cha msingi cha pamba", vijana hawapati kitu. Ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulikua miaka ya 1950 kutokana na kilio cha wakulima kupunjwa kwenye mizani, na Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Kwa hiyo katibu ambaye wakulima walimwachia magunia yao bila kusimama kupekua mizani alibeba jambo zito, na hilo ndilo liandikwe. Vivyo hivyo kwa mzee wa sungusungu, mjumbe wa kamati ya shule au kiongozi wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga: ni ng'ombe wa nani walirudi, ni darasa lipi lilipauliwa, ni ugomvi gani wa nyavu aliumaliza bila watu kufika polisi.

Tarehe huwachosha wengi. Kwa wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru, kadi ya mpiga kura huweza kusema mwaka huu, kitambulisho cha taifa mwaka ule, cheti cha ubatizo mwaka mwingine. Kama alibatizwa akiwa mchanga, cheti hicho ndicho cha kuaminiwa, maana kiliandikwa karibu na tukio. Kama alibatizwa mtu mzima, hata hicho ni makisio. Hapo wenzake wa rika wapimishwe kwa matukio. Alikuwa ameshaoa ziwa lilipojaa, mvua zile za mwanzoni mwa miaka ya 1960? Mtoto yupi alikuwa mgongoni wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970? Vita ya Kagera ilipoanza 1978 alikuwa anafanya kazi gani? Yasipopatana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1940" na uishie hapo.

Majina yafuate nyaraka herufi kwa herufi. Ng'wandu na Mwandu nyumbani ni mtu yuleyule, lakini wakati wa mirathi tofauti hiyo huwatuma watoto kula kiapo cha majina. Orodha ya watoto ipitishwe na kikao cha ukoo kabla ya kuchapwa. Mtoto aliyesahauliwa, hasa wa nje ya ndoa, akijikosa kwenye wasifu mbele ya kaburi, jeraha lile haliponi.

Mjane aulizwe na mtu mmoja tu, mwanamke anayemwamini, asubuhi kabla wageni hawajajaa. Asiulizwe kama mumewe alimpenda. Aulizwe nani aliamka mtoto alipougua usiku, na yeye mwenyewe alipolazwa hospitali ya Bugando nani alileta uji. Aulizwe pia lipi lisisomwe. Rasimu aisikie yeye kwanza, na neno lake ndilo la mwisho.

Wajukuu husahaulika kabisa, nao wana mengi. Waulizwe babu aliwafundisha kufanya nini kwa mikono, na utani wake na kila mmoja ulikuwa upi: nani alimwita mke wake, nani alimwita mwizi wa samaki.

Urefu usizidi maneno 600, ambayo kwa msomaji asiyekimbia ni kama dakika tano. Herufi ziwe kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na namba na zibanwe kwenye faili, kwa sababu mchana upepo wa ziwa huchukua karatasi. Simu isitegemewe: jua hufuta kioo na chaji huisha. Mtoto wa marehemu asisome. Asome mpwa au mkwe, na mwingine asimame karibu na nakala yake, tayari kuendelea sauti ikikatika.

Kwa Waislamu maziko hayasubiri, basi kazi hii yote ihamie kwenye hitima, na muda ule wa ziada utumike kuuliza watu zaidi.

Baada ya mazishi nakala moja abaki nayo mjane, nyingine ipelekwe kwenye shule au chama alichokitumikia. Na kaburi litakapojengewa, fundi apewe jina na tarehe kwa maandishi kutoka kwenye wasifu huo, zikiwa zimekaguliwa na watu wawili wa familia, kwani makosa ya kutajiwa kwa simu yakishachongwa kwenye sementi kuyarekebisha ni kubomoa.