Kabla ya hadubini kuna chupa

Bango la siku ya ushauri wa kazi halibadiliki, iwe ni shule ya Kisumu mjini au ya Ahero: kijana kavaa koti jeupe, jicho kwenye hadubini, chini yake "Mtafiti wa Saratani". Chupa ya sampuli haionekani, sembuse formalini, dawa ya kuzuia kipande kilichokatwa mwilini kisioze. Basi watoto wetu wanaingia chuoni kila mmoja akitaka jenetiki.

Jenetiki ya nini, nyama iliyokatwa kwa mgonjwa ikiwa imeshaoza?

Limfoma ya Burkitt, hii saratani ya seli za kinga, ya taya na tumbo, inayowaandama watoto wa huku ziwani penye malaria mwaka mzima, huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Seli zenye kasi hiyo huharibika upesi zikishatolewa mwilini. Kipande kikilazwa kwenye maji ya chumvi "kwa muda tu", Ijumaa mchana hadi Jumatatu, mwanapatholojia, daktari wa kuchunguza vipande hivyo, anapokea uji.

Na hata formalini ina adabu yake. Ile nzito ya dukani ina formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Chukua sehemu moja, maji sehemu tisa, tia na chumvi za fosfeti. Ukiimimina bila kuzimua, kipande kinakakamaa nje na ndani dawa haifiki. Ukiruka fosfeti, inageuka asidi, inashambuliana na damu na kuacha chembe za kahawia. Sasa mpe slaidi hiyo mtu wa Nyanza aisome: ataapa kaona chembe za rangi zinazoachwa na malaria! Ujazo uwe mara kumi ya kipande, na tezi ikatwe vipande vya milimita 3 hadi 5. Tezi nzima iliyoshindiliwa kwenye kichupa chembamba huoza katikati huku ngozi yake ikionekana safi kabisa.

Slaidi za seli zilizofyonzwa kwa sindano nyembamba zisisafirishwe katoni moja na chupa hiyo. Mvuke wa formalini huharibu upakaji wa Giemsa, rangi ya kuonyeshea seli, seli zote zinatoka samawati, halafu lawama inaenda maabara. Jina liandikwe kwa penseli, maana alkoholi hufuta wino.

Kuna na wale wema wanaomwanzishia mtoto prednisolone, dawa ya steroidi inayoua seli za limfoma, "ipunguze uvimbe" kabla ya kipande kukatwa. Uvimbe unapungua kweli, pamoja na ushahidi wote.

Haya, nakubali, mashine za jenetiki zina kazi. Kipande cha kromosomu 8 kilichorukia 14 na kuiwasha jeni ya MYC, inayozisukuma seli za Burkitt zigawanyike, hakionekani kwa macho. Ila mashine inayogharimu nyumba haifufui seli.

Ukibisha, uliza kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na limfoma hii, kilipatikanaje. Mwishoni mwa 1963 uvimbe wa mtoto wa Uganda ulisafirishwa kwa ndege kwenda London, ukiwa umewekwa kwenye majimaji, kwa sababu mtafiti Anthony Epstein alihitaji seli hai. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Chupa ilipomfikia, majimaji yalikuwa na utusitusi, dalili ambayo mtu yeyote angeisoma kuwa bakteria wameingia. Wangapi kati yetu wangemwaga sinki? Yeye aliweka tone chini ya hadubini kwanza. Utusitusi ule ulikuwa seli za limfoma zenyewe, zimejitenga na nyama, zikielea zikiwa hai. Zikakuzwa, na 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Hadubini ipo kwenye hadithi, sikatai. Ila bila chupa kufika, ingetazama nini?

Kwa hiyo wachoraji wa bango la mwaka ujao, mwondoleeni kijana hadubini, mpeni chupa mkononi. Na lebo iwe ubavuni mwa chupa, tafadhali, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.